Nitakuja na Jasho Langu

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuamkia mapema kabla hujaanza kunifokea, maana ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha utajua tu kuna jambo. Mgongo unaendeleaje? Shangazi ameniambia unasimama tangu asubuhi hadi jioni, na siku hizi chanuo likianguka unamwomba mteja akuokotee. Shemeji naye, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na ngazi za kazini nazipanda hadi ghorofa ya tatu bila kusimama katikati nikijifanya natafuta ufunguo mkobani.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, halafu unasema mteja amefika. Barua haikatwi, na ukiikunja kwa hasira leo, kesho utaikunjua. Nakujua.

Ujumbe wako kupitia kwa Shangazi umenifika mzima, kwani Shangazi hapunguzi, labda aongeze. Alisema umenipa mawili nichague: ama niache kukimbia, ama nisikanyage saluni kwako nikitaka kusukwa. Alisema umeapa mbele ya wateja kwamba hutashika tena kichwa kinachokwenda kulowekwa jasho. Dada, tangu nina miaka tisa hadi leo nina thelathini na mmoja, hakuna msusi mwingine aliyewahi kugusa nywele zangu. Kuniondoa kwenye kiti chako ni kuniondoa nyumbani, na unalijua hilo vizuri, ndiyo maana ukalichagua. Nimeumia. Lakini siachi kukimbia, na nimeona nikwambie mapema ili usisome barua yote ukitafuta mahali nilipokubali.

Mazoezi yenyewe hukuwahi kuniuliza yalianzaje. Unajua kazi yangu ya mapokezi hapa kwa daktari wa meno: nakaa kitini kwa saa nane nzima, nainuka kwenda kuchukua faili, nakaa tena. Mwaka jana muuguzi wetu alikuwa anajaribu mashine mpya ya kupima presha, akakosa wa kumjaribia, akanishika mimi. Akapima mara ya kwanza, akadhani mashine mbovu. Akapima mara ya pili, akaniuliza kama nina mtu nyumbani wa kumpigia simu. Mama alikufa na presha hiyohiyo, wewe ndiwe uliyemfunga kidevu. Sikutaka uanze kuhesabu siku zangu, nikanyamaza, nikatafuta viatu.

Ndipo nilipoangukia kwenye kikundi cha Filimbi. Ni mama mmoja aliyestaafu ualimu wa michezo, mfupi, ana miguu kama nguzo, na jina hilo tulimpa kwa sababu filimbi haitoki mdomoni hata anapokunywa maji. Tuko wanawake kumi na mmoja. Tunakutana kwenye uwanja wa shule saa kumi na mbili asubuhi, mara nne kwa wiki. Tunazunguka uwanja, tunaruka kamba, tunachuchumaa na kuinuka hadi mapaja yanalia. Wiki ya kwanza nilitapika nyuma ya goli. Filimbi alikuja, akaangalia, akasema vizuri, sasa tumbo limepata nafasi, turudi uwanjani.

Shida ikawa kichwa. Ulikuwa umenisuka zile rasta ndogondogo, na onyo lako nililijua kama sala: wiki mbili zisiguswe na maji. Nikapiga akili, nikajiona mjanja. Nikachukua ile kofia ya nailoni unayowavisha wateja ukishawapaka mafuta, nikaivaa barabara hadi masikioni, juu yake nikafunga kitambaa, nikaenda kukimbia. Niliwaza kwamba maji hayapiti kwenye nailoni. Yalikuwa hayapiti kweli, hayakupita kutoka ndani kwenda nje. Mzunguko wa tano nikaona uwanja unainama. Filimbi aliponifungua, jasho lilimwagika mabegani kama mtu ameinua sufuria, na wenzangu kumi hawakuwa na mbavu. Mtu aliyekulia saluni, anayejua kwamba kofia ile ni ya kupika nywele kwa mvuke, ameivaa kwa hiari yake kwenda kukimbia! Cheka na wewe, nimekuruhusu.

Baada ya hapo niliacha ujanja, nikajifunza. Nilizifumua rasta zote. Sasa najisuka mwenyewe mistari minane minene inayolala kwenda nyuma, milegevu, hata kidole kinapita chini yake. Nikitoka uwanjani napitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu katikati ya mistari, nafunga kitambaa kikavu cha pamba wakati chai inachemka, na nikimaliza chai kichwa kimeshatulia. Jumatano nasuuza kwa maji matupu, Jumapili naosha kwa sabuni na kupaka mafuta kidogo. Kila siku ya kumi nafumua. Mistari yangu imepinda, sikatai. Mmoja unaelekea sikioni kama umesahau kitu huko. Ila mba zimekwisha, na kichwa hakinuki.

Hata meneja alijaribu. Aliniita ofisini, akazunguka mbuyu kwanza kwa habari za hali ya hewa, kisha akasema mapokezi ni uso wa kliniki na ile mistari inanifanya nionekane kama mtu aliyekuja kufanya usafi. Nilimjibu kwamba anayefanya usafi hapa ni mwanamke mwenye heshima zake, na kwamba wagonjwa wetu hufika wameshika mashavu, na hadi leo hakuna aliyewahi kusahau jino lake ili aulize habari za nywele zangu. Nikamwambia akipata malalamiko ya maandishi aniletee niyaweke kwenye faili, maana faili ni kazi yangu. Hajaniletea. Nakusimulia haya ili ujue kwamba sijaja kukuchokoza wewe peke yako. Nimechoka na kila mwenye amri juu ya kichwa ambacho mimi ndiye ninayelala nacho.

Sasa tuje kwenye siku ile, mwisho wa mwezi kabla ya uliopita. Nilikuwa nimefumua mistari yangu ili unisuke wewe, nikatoka uwanjani moja kwa moja nikapanda gari kuja kwako, sikupitia hata nyumbani. Ukanikalisha, ukarudisha nywele za mbele nyuma, ukasimama. Uliona hapa na hapa, juu ya masikio, pande zote mbili za paji, ngozi tupu inayong'aa upana wa vidole vitatu. Ukaweka chanuo chini. Ukawaambia wateja wote waje waone jasho linavyokula nywele, kwamba chumvi yake hukata kama kutu inavyokata bati, na huyu mdogo wako ndiye mfano. Walikuja wakaona. Yule mama mwenye duka la vitambaa alinigusa kwa kidole. Nilishuka kitini kichwa nusu kimechanwa, nikarudi kwangu nimejifunika mtandio.

Dada, kaa chini kama umesimama.

Zile sehemu mbili hazikutokana na mazoezi. Zina miaka saba. Zilianza na vipele, kisha vidonda vidogo, kisha nywele zikawa zinatoka na mizizi yake kila ulipofumua, hadi hazikuota tena. Na miaka yote saba, kila Jumamosi niliyokuja kwako, nilisimama kwanza mbele ya kioo nikapaka wanja mweusi hapo, nikausugua kwa kidole hadi ukafanana na nywele. Hukumbuki vidole vyako vilivyokuwa vikitoka vyeusi, ukawalaani wauza rasta kwamba siku hizi wanapaka rangi mbaya? Ulikuwa wanja wangu. Siku ile niliupaka alfajiri, jasho la uwanjani likauosha. Ndilo kosa pekee la jasho.

Ni mkono wako, Dada. Mkono wako ni mzito na unakaza. Nimeliandika, na sitalifuta.

Usiniulize kwa nini sikusema. Ulikuwa na miaka kumi na saba tulipomzika Mama. Ukaacha shule, ukajifunza kusuka juu ya kichwa changu, kwa kuwa hapakuwa na kichwa kingine kilichokubali. Ulinisuka mistari ya kwanza ukiwa unalia, mimi nikashika masikio yangu nisilie, nikaona ndiyo kazi yangu. Kila nilipokunja uso ulisema ukitaka uzuri sharti udhurike, na nikaamini kwamba ukinivuta sana ndivyo unavyonipenda sana. Mtu atamwambiaje mwenye mkono uliomlisha kwamba mkono huo unamuumiza? Nikaona heri wanja. Na sasa nakwambia kingine: tangu nianze kujisuka milegevu, upande wa kushoto umeanza kuota. Ni vinyweleo tu, laini, vya mtoto mchanga. Navigusa kila asubuhi kabla ya kukimbia.

Ningeweza kuendelea kunyamaza hadi nizeeke. Ila wiki iliyopita ulinitumia picha ya binti yako, Mdadisi, siku yake ya kwanza shuleni. Sare imempendeza. Lakini nilikuza picha nikaona macho yamevutwa yakapanda juu, na kwenye ukingo wa paji, vipele vimejipanga kama punje za mtama. Nikapiga simu jioni nikamwomba azungumze nami. Tukacheka, akanitajia rafiki zake wapya, halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo ili usisikie, kama mtu akiwa mkubwa kichwa kinaacha kuuma. Ana miaka sita. Nikamwambia nitauliza.

Basi nauliza. Na hapo ndipo nisipokubali kushindwa, Dada, hata ukininunia mwaka mzima, hata Shangazi akiniletea ujumbe wa mbio za kupokezana. Mimi nilikaza meno kwa sababu wewe ulikuwa mtoto kama mimi na hukuwa na wa kukufundisha. Leo wewe ni fundi, una saluni, na akinamama wanakungoja hadi barazani. Mlegezee mtoto mistari. Mfumue leo, usingoje wiki mbili ziishe.

Jumamosi nitamaliza mazoezi na nitakuja kwako kama siku ile, na jasho langu, bila wanja, wateja wakiwepo. Nitakaa kwenye kiti kile kile. Uguse mwenyewe, kulia pasipo na kitu, na kushoto panapoota. Ukishagusa, kama bado unaona ni jasho, niambie ukiwa umenitazama usoni. Na kama huoni hivyo, nisuke, taratibu, kwa maana nimeikosa saluni yako kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Mpe Shemeji salamu zangu, aendelee na tangawizi. Mwambie Shangazi kwamba jibu hili nimelituma mwenyewe, asichoke. Mdadisi mbusu kwenye utosi, pole pole.

Ni mimi niliyetoka tumbo moja nawe,

Kitinda wako