Imeshuka

Dada yangu,

Yule kuku uliyeniachia bado anataga ndani ya beseni la nguo safi, na fundi wa paa hajarudi, ahadi zake unazijua. Sisi hatujambo. Leo naliandika neno hilo bila kudanganya.

Chiriku wangu alilazwa siku sita wodi ya watoto mahututi, maambukizi yameingia kwenye damu, mdomo wake wote ule kimya. Kila baada ya saa chache walimtoa damu kidogo, wapime asidi fulani inayopanda mwili ukizidiwa. "Namba hii ndiyo inatuonyesha anaelekea wapi," daktari aliniambia. Siku ya tatu muuguzi akaja mbio na karatasi: "Mama Chiriku, imeshuka! Imeshuka sana!"

Dada, nilijitupa sakafuni nikalia kilio cha msiba. Mimi nijuavyo, kitu kikishuka ni balaa: alama za shule, maji ya kisima. Muuguzi akaniinua huku anacheka na machozi yanamtoka. "Mama, hii tunaomba ishuke!"

Daktari anasema tungechelewa hadi kesho yake, huenda isingeshuka. Ni wewe uliyenifokea kwenye simu: "Mpeleke sasa hivi! Usingoje kama nilivyongoja mimi na wangu." Najua maneno hayo yalikutoka wapi. Ahsante haitoshi, dada.

Hapa ninapoandika nimesikia kishindo. Chiriku ameshuka kitandani mwenyewe, anauliza namwandikia nani.

Nimemwambia: mama yako mkubwa, aliyekurudisha nyumbani.

Mdogo wako