Kompyuta Ilipogoma Siku Moja Kabla ya Ripoti

Nyumbani,
Jumapili, 16 Juni.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu zangu zikukute mzima, umeshiba na umevaa nguo nzito. Kile kifua kimepona? Usinijibu "nipo salama, mama" kama kawaida yako. Nataka kujua kama kikohozi bado kinakuamsha. Sisi tu wazima. Goti la baba yako linamsumbua akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna maradhi.

Mwanangu, nina habari ya furaha! Ngoja niipange, maana nikianzia mwisho utanicheka.

Unajua mdogo wako alikuwa anaandika ripoti ya kumaliza chuo, anaichapa kwenye ile kompyuta uliyotuachia sebuleni. Jumatano asubuhi akaamka amalizie ukurasa wa mwisho, Alhamisi aipeleke. Asiyepeleka siku hiyo anarudia mwaka mzima. Akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja tu wa maandishi meupe. Akazima, akawasha. Yale yale. Nikamuuliza, ripoti hukuiweka mahali pengine? Akatikisa kichwa, machozi yakimlenga. Nikajua imo humo humo.

Basi nyumba ikajaa mafundi! Baba yako akaipiga kofi ubavuni, kama alivyokuwa akiipiga ile redio yetu.

"Mzee, hiyo si punda," nikamwambia.

"Na wewe uliyekaa unaiombea, imeamka?"

Jirani yetu fundi pasi, yule anayetengeneza pasi za umeme, akaja, akachomoa waya wa umeme, akaurudisha, akasema labda umeme ni mdogo, akanywa chai yangu akaenda zake. Shangazi yako akapiga simu, eti tuipeleke kwa fundi wa mjini aisafishe yote ianze upya. Mdogo wako akaruka: "Akiisafisha yote, shangazi, na ripoti yangu inakwenda na maji!"

Mwishowe akawafukuza wote. Mimi nikabaki, maana mimi sifukuziki. Akaanza taratibu: akachomoa kibodi, akawasha, bado. Akachomoa kipanya, bado. Nikamwambia, hebu nisomee hayo maandishi.

"Inasema haioni pa kuanzia, mama."

Kwani huwa inaanzia wapi? Akanieleza kwamba vitu vyake vya kuamkia vimo tumboni mwake, ila hii ya kwetu hutazama kwanza kilichochomekwa nje, na ikikuta kitu inang'ang'ania hapo hapo.

Weee! Ile flashi ya picha zako aliyoniletea binamu yako! Jumanne nilikuwa nimeichomeka mwenyewe, kompyuta ikiwa inawaka, nikakutazama ulivyosimama mlangoni pa karakana yenu na kofia ya kazi, umekonda kidogo. Nikaiacha humo. Na unanijua, kitu cha thamani sikiweki mbele kikaonwa na kila mgeni. Niliichomeka nyuma, upande wa ukutani, katikati ya nyaya. Kumbe asubuhi yote kompyuta ya watu inatafuta pa kuanzia kwenye picha zako!

Nikapeleka mkono nyuma, nikaivuta.

"Washa."

"Mama, umefanya nini?"

"Washa kwanza, utanigombeza baadaye."

Feni ikavuma. Ule mstari haukuja. Ikaja rangi ya buluu, mafaili yake yakajipanga, na ripoti imo! Alipiga ukelele hadi fundi pasi akarudi mbio akidhani umeme umetupiga. Tukakumbatiana, tukaangukia kochi, kochi likalia.

Kunigombeza alinigombeza, sikatai. Kisha akatoa nakala, moja kwenye simu yake, nyingine akamtumia shangazi. Ya tatu akataka flashi yako. Nikamnyima.

Alhamisi akaipeleka. Nikafagia uwanja, nikaumwagia maji, nikaufagia tena. Alasiri nikamwona anakuja polepole, kichwa chini, nikasema moyoni, basi, wameikataa. Kumbe viatu vipya vimembana, kavivua kavishika mkononi, anatazama pa kukanyaga!

"Wameipokea. Nimemaliza, mama."

Nilimkimbilia na ufagio wangu mkononi. Baba yako alijifuta macho, akasema ni vumbi. Vumbi gani, mwanangu, na uwanja mzima umelowa?

Mpigie mdogo wako umpongeze. Binamu yako anakusalimu, shangazi anakusalimu na anasema yeye ndiye mtunza ripoti, na baba yako anasema uandike, usitume vikatuni tu kwenye simu. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe watu wema wa kula nao.

Ni mimi mama yako, nikupendaye wala sichoki.

Mama