Nimemsahihishia binti wa Fundi Saa kilio chake

Shoga, uko wapi?

Fundi Saa wa kundi letu la mashairi amefariki. Na mimi nimemsahihishia bintiye msiba. Msiba, shoga!

Asubuhi liliingia kundini shairi kutoka simu ya Fundi, binti anamlilia baba yake. Nikajua ni Fundi mwenyewe, si unajua anavyopenda kuvaa sauti za wengine? Juzi tu alikuwa mbuzi anayelalamikia kamba, tukacheka mpaka basi.

Nikaandika kama tulivyozoea: "Hongera Fundi, umenitoa machozi. Ila ubeti wa mwisho vina vimepotea, na kilio kimezidi. Punguza."

Kilio kimezidi! Mimi niliyezika mume, Mola anisamehe.

Yule muuza mkaa wa kundini naye akatia lake: "Huyo baba mfufue, ubeti ujao adai chai." Watu wakamwaga vicheko.

Halafu shairi likarudi limerekebishwa, na chini yake maneno haya: "Shikamooni. Mimi ni binti yake. Baba ametutoka alfajiri. Alikuwa akisema nyinyi ndio walimu wake. Nimepunguza kilio kama mlivyosema. Sasa linafaa kusomwa makaburini?"

Nimepunguza kilio. Mtoto wa watu!

Nilikaa palepale sakafuni, sufuria inaungua naiona.

Kisha nikamwandikia: "Pole, mwanangu. Hilo la pili liache. Kasome lile la kwanza, na ulie."