Siku Tatu na Snea Moja

Jumanne, baada ya magharibi

Snea bado inalia kama kofi kwenye godoro.

Nataka snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, ikate katikati ya biti, kali kama bati linalopasuliwa, maana muziki wetu ni wa mitambo na hautaki upole. Nimeichafua sauti kwenye kompyuta mpaka inakwaruza. Nimeipachika juu ya mlio wa mlango wa kontena niliourekodi bandarini. Kelele imeongezeka, ukali haujaja.

Sele, mwenzangu wa Dar, ameniandikia asubuhi: "Kaka, kama mpaka kesho hakuna kitu, naenda kwa mwingine."

Jioni mama mdogo alipita kuchukua ngoma yake, ile anayopiga kwenye unyago. Ndiyo niliyoirekodi nipate snea yangu. Nikamvalisha hedifoni asikilize kazi yangu. Akasikiliza kidogo tu, akazivua.

"Uliipasha moto kwanza?"

"Hapana, mama."

"Basi ngozi ilikuwa imelegea, umerekodi unyevu, mwanangu. Na mvua yote hii."

Siku tatu nahangaika na kompyuta kutafuta kitu ambacho moto wa nyasi kavu ungenipa kabla chai haijapoa. Nimemwomba aniachie ngoma mpaka kesho. Amekubali, ila amecheka, na kicheko chenyewe kimenikera.

Kinachoniuma zaidi, anasema aliniambia niipashe moto siku ile ile aliyoileta. Ni kweli. Nakumbuka alisimama mlangoni, midomo yake inasema kitu, na mimi naitikia kwa kichwa, hedifoni masikioni.