Farasi Jike wa Kilmallock

Lambourn, Uingereza
5 Oktoba 2014

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kwamba mtaro wa nyuma ya mabanda umezibuliwa kabla mvua hazijakolea. Mimi sijambo, ila mkono wa kushoto. Farasi mmoja alinibana ukutani Jumanne. Umevimba lakini haukuvunjika.

Nina ujumbe wa mwajiri wangu, Bw. Tarrant. Amerudi kutoka huko Ireland juzi. Anasema alisimamisha gari barabarani kwetu, akamtazama mtoto wa jike wetu Peig ng'ambo ya ukuta kwa nusu saa nzima, huku mvua ikimnyeshea. Tangu hapo hazungumzi kitu kingine. Jana aliniita ofisini.

"Eithne," akasema, "kila Machi nakwenda kwenye mbio za Cheltenham, maili arobaini tu kutoka kitandani kwangu. Na kila Machi watu wenu wa Ireland wanashuka kwenye boti na kunishinda uani kwangu. Mnawalisha nini hao farasi?"

"Nyasi," nikamwambia.

Hakucheka. Anamtaka yule dume mchanga, na atalipa utakachotaja. Akija hapa, mimi ndiye nitakayemtunza, na nitafanywa msimamizi wa mabanda. Nimefanya kazi hapa miaka minane, Baba, na hii ndiyo mara ya kwanza kuahidiwa kitu. Nakuomba umwuze.

Nisalimie majirani wote.

Binti yako,
Eithne


Kilmallock, Ireland
20 Oktoba 2014

Mwanangu Eithne,

Marahaba. Goti ni lilelile. Mtaro nilizibua mwenyewe. Huo mkono uweke kwenye maji ya baridi, usijifanye shujaa.

Mwambie Tarrant farasi hauzwi.

Baba yangu aliuza, nami nimeuza. Mama yake Peig alizaa sita, na wote sita walivuka bahari, tukabaki kuwasoma gazetini wakishinda kwa majina ya watu wengine. Tulihitaji paa. Sasa paa lipo.

Anauliza tunawalisha nini. Mwambie swali lake silo. Yeye akimpata farasi wa miaka mitatu, anataka ashinde kabla ya Krismasi. Huyu bado anakua, mifupa ya magoti yake haijakomaa. Hapa kwetu kila shamba lina jike mmoja nyuma ya nyumba, na mwenye shamba anamjua mama wa huyo jike na bibi yake, yupi alikuwa na moyo na yupi alikuwa na kwato mbovu. Tarrant anajua kumtazama farasi. Ukoo wake anausoma kwenye karatasi asubuhi ya mnada.

Nimempeleka kwa Mossie Considine, maili tatu tu kutoka hapa. Atamwacha akue, kisha atamkimbiza kwenye mbio za mashambani kwanza, polepole. Nusu ya farasi nimemwachia Mossie badala ya gharama za mafunzo. Tumempa jina Knockainey.

Usikasirike.

Baba yako,
Phelim


Lambourn
9 Novemba 2014

Baba,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Nilimpa Bw. Tarrant jibu lako. Usimamizi amepewa kijana wa Newbury ambaye hajui kufunga bandeji.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikuomba nibaki tufanye kazi pamoja, nifundishe farasi wetu mwenyewe. Ukasema ua mmoja hauwezi kuwa na vichwa viwili. Sawa, nikaondoka. Sasa nasikia kumbe vichwa viwili vinaenea, mradi kimoja kiwe cha Mossie Considine.

Sina zaidi. Usinitumie habari za huyo farasi.

Eithne


Lambourn
18 Machi 2018

Baba,

Shikamoo. Sijui nianze wapi baada ya miaka mitatu na miezi. Natumaini una afya. Nilikuona una afya, kwa hiyo hilo sina haja ya kuuliza.

Nilikuwa Cheltenham Alhamisi. Nilimwongoza Halberd, farasi ambaye nimemtunza tangu alipofika hapa. Ni mpole, anapenda matufaha, na Bw. Tarrant alikuwa na hakika naye. Nilijua Knockainey yumo. Miaka yote hii nilikuwa nauruka ukurasa wa matokeo ya Ireland gazetini, lakini siku hiyo sikuwa na ukurasa wa kuruka.

Walifika kwenye kiunzi cha mwisho sambamba. Halberd aliruka vizuri, sina la kumlaumu. Wako aliruka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake, kisha akaondoka. Nilimtambua kwa sikio. Peig naye hulaza sikio la kulia namna ile anapopanda mlima wa nyuma ya nyumba.

Nikamwongoza Halberd mpaka mahali pa mshindi wa pili, nikaanza kummwagia maji. Wewe ulikuwa hatua tano kutoka kwangu, umevaa koti la Babu. Watu wetu walikuwa wakiimba na kurusha kofia. Ulimtazama farasi wangu kuanzia kichwa hadi kwato, kisha ukageuka. Nilisubiri. Hukugeuka tena.

Halafu Bw. Tarrant akaja na kitabu cha mbio mkononi.

"Nani huyu E. Hartnett wa ukoo wenu?"

"Wapi?"

"Hapa, kwenye mzalishaji. Mzalishaji wa farasi aliyetushinda: Bi. E. Hartnett, Kilmallock. Una dada?"

"Sina."

"Una shangazi?"

"Sina, bwana."

Nilisoma mwenyewe mara tatu. Mzalishaji ni yule ambaye farasi jike ni mali yake siku anapozaa. Hilo analijua kila mtu katika kazi hii.

"Kwa hiyo nilikutuma uniombee farasi kwa baba yako," akasema, "kumbe mama wa farasi ni wako. Ulikuwa ukinicheka, Eithne?"

Nilimwambia sikujua. Wewe ungeliamini hilo? Hajanifukuza. Lakini Halberd amepewa mtu mwingine, na siku hizi nikiingia jikoni mazungumzo hukatika.

Nataka jibu moja tu. Peig ni wa nani?

Eithne


Kilmallock
26 Machi 2018

Mwanangu Eithne,

Marahaba. Tumejaliwa, ingawa nilipata mafua huko Cheltenham na bado sijapona. Nyumba ilijaa watu siku tatu. Mossie alilala juu ya meza.

Peig ni wako. Karatasi yake imo ndani ya bahasha hii.

Wiki uliyopanda boti nilimwandikisha kwa jina lako. Alikuwa na miaka minne wakati ule. Nilijua nilikukosea kuhusu mabanda, ila sikujua namna ya kurudi nyuma. Nilidhani utakaa mwaka mmoja, uchoke, nikuonyeshe karatasi siku ukifika mlangoni. Hukuchoka. Baadaye nikaona haya kuitaja.

Kisha Tarrant akamtaka mtoto. Kwa haki alikuwa wako, na nilijua nikikuambia, utamwuza ili upate ule usimamizi. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaamua kwa niaba yako na kumpa Mossie nusu ya kitu kisicho changu. Ningekuwa mtu mwingine ningesema matokeo yamenitetea. Hayanitetei. Angeshindwa au angeshinda, nilikunyang'anya neno lako.

Nilikuona pale. Nilimtazama farasi kwa sababu ndiye niliyeweza kumtazama. Umemtunza vizuri sana. Miguu yake ni safi kuliko ya wetu.

Baba yako,
Phelim


Lambourn
19 Agosti 2018

Baba,

Shikamoo. Mafua natumaini yalikwisha zamani. Mimi sijambo.

Nilikuwa na hasira mpaka Juni. Naona nikuambie, usije ukadhani nilikuwa na kazi nyingi.

Bw. Tarrant alinifuata mwezi uliopita kwenye banda la nyasi kavu, akavua kofia. Anamtaka Peig. Alisema amenunua watoto wa watu miaka thelathini, sasa anataka mama. Nilimwambia hapana. Akauliza sababu, nikasema farasi hauzwi. Sauti iliyotoka ilikuwa yako kabisa, nikaudhika siku nzima.

Nimeacha kazi. Nimekodi eka kumi huko Emly, si mbali na kwako, na mabanda matano yasiyovuja sana. Nimepata leseni ya kufundisha farasi. Knockainey abaki kwa Mossie, anamjua na wanaelewana. Nusu iliyobaki utaiandikisha kwa jina langu.

Jumamosi tarehe 15 Septemba, saa nne asubuhi, nitafika na lori. Sitalala kwako, na usipike. Nakuja kumchukua Peig.

Eithne


Kilmallock
2 Septemba 2018

Mwanangu Eithne,

Marahaba. Hapa hatujambo.

Nusu nimeiandikisha. Mossie alitia saini bila neno. Alisema tu kwamba sasa atalazimika kunyoa ndevu ukija kukagua.

Peig yuko tayari. Kwato zimekatwa juzi. Yafuatayo hayapo kwenye karatasi. Hapandi lori kama mtu amesimama nyuma yake. Simama mbele, umpe kisogo, utembee tu, atakufuata. Hanywi maji ya ndoo ya plastiki. Ukimweka peke yake hatakula, kwa hiyo nimemtafutia punda. Naye utamchukua, si wa kuuza wala si zawadi, ni chombo cha kazi. Mguu wa nyuma wa kushoto hukakamaa asubuhi za baridi, mtembeze kwanza kabla ya chakula.

Hana mimba. Madume walikuwepo, na majirani waliniuliza Aprili, na Mei, na Juni. Niliwaambia nangoja mwenye farasi aseme.

Ana miaka kumi na sita. Labda atazaa mara mbili zaidi, labda moja. Dume gani utamchagulia ni shauri lako, na mimi sitasema kitu.

Lakini ukiniuliza, nitajibu.

Baba yako,
Phelim