Karatasi Niliyoitoa Kwenye Pakiti

Tarehe 14 Machi, mwaka wa thelathini na tatu tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na binti yenu. Mimi sijambo, ukiacha magoti, ambayo siku hizi huanza ugomvi kabla sijaamka.

Naandika kwa haraka. Fundi cherehani wa ghorofa ya chini anasafiri kesho, na ameahidi kukupa barua hii mkononi. Juzi kwenye simu uliniomba nimtumie mpwa wangu vidonge vya kuzuia mimba, kama vile vyako vya zamani, maana anaolewa mwezi ujao na anataka kumaliza chuo kwanza. Nilikataa. Ukacheka, ukasema uzee umenitia woga, kwamba wewe ulivimeza bila daktari na mpaka leo unagombana na watu sokoni. Hilo la sokoni sina shaka nalo. Lakini sababu yangu ilinishinda kuitamka.

Vile vidonge havikuwa vyangu kuvitoa. Aliandikiwa marehemu wifi yako. Daktari alimpima presha kwanza, akamuuliza kama anavuta sigara, kama anaumwa kichwa cha kuona vimulimuli, kama mama au dada yake amewahi kuganda damu mguuni. Nilikaa pembeni nikiona maswali yamezidi. Wewe hukuulizwa lolote. Uliniandikia kwamba mtoto ana miezi minane na mwili umechoka, nami nikakutumia vya wifi yako, nikajiona kaka mwema. Ili bahasha iwe nyembamba, nilitupa boksi, nikaitoa pia karatasi ya maelezo. Nikakusihi usimwambie mtu, hata shemeji.

Unaamini kwamba kuanguka kwenye ngazi za shule uliyokuwa ukifundisha ndiko kulikouharibu mguu wako. Barua yako ya wakati ule bado ninayo. Uliandika kuwa mguu wa kushoto ulianza kuuma na kuvimba siku tatu kabla hujaanguka. Uliandika pia kwamba daktari, alipokuta damu imeganda na kipande kimefika kwenye pafu, alikuuliza unatumia dawa gani, nawe ukajibu hakuna. Ulinitunzia siri.

Nilipomaliza kuisoma barua hiyo, niliifunua ile karatasi, ambayo nilikuwa nimeifanya alama kitabuni. Ilisema mguu mmoja ukiuma na kuvimba, au pumzi ikibana ghafla, acha vidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Hakuna awezaye kuapa, lakini mimi naamini hazikuwa ngazi. Vilikuwa vidonge vyangu, na onyo lake nilikuwa nimelibana kati ya kurasa.

Nimenyamaza miaka ishirini na mbili. Ningenyamaza hadi kaburini kama usingesema “kama vile vyangu.” Mguu wako ndio jibu la swali atakaloulizwa binti yako. Nenda naye kliniki, uutaje mguu huo, na vidonge pia. Zipo njia nyingine, hata vidonge vya aina nyingine, na daktari atamchagulia. Asiazime vya rafiki hata siku moja. Karatasi yenyewe imo humu. Nimeitafsiri mstari kwa mstari, kazi ambayo ilinipasa kuifanya wakati ule.

Msalimie shemeji. Ukitaka kumwambia yote, mwambie.

Uliuliza kama nitakuja harusini. Kila mwaka nimekupa kisingizio kipya, na vyote vilikuwa woga wa kukuona unavyotembea. Sitakupa kingine. Sitarudi.

Kaka yako