Tumbaku Yako Niliitupa Motoni

Elisabethville, Jumapili, mwezi wa Juni 1952
Hiki ni kiangazi cha tatu tangu nilipopanda treni pale Bukama.

Yaya Ngoie, kaka yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Je, mguu wa mama umepona? Mimi ni mzima nusu: mikono ina nguvu, lakini kifua kinanisumbua.

Tumbaku uliyompa yule msafiri imefika. Nilivuta kidogo, iliyobaki nikaitupa ndani ya tanuru la shaba. Usikasirike kabla ya kusoma mpaka mwisho. Mwenye hasira ni mimi, na hasira yangu inatutosha sisi wawili.

Wakati wa mvua kikohozi changu kilizidi mpaka nashindwa kulala. Nikaenda hospitali ya kambi. Munganga Mzungu alinisikiliza kifua, akasema, "Acha tumbaku," kisha akamwita mwingine. Basi! Niliacha, nikashindwa, nikarudi kwake. Akanifokea mbele ya watu: "Hauna akili? Sikukuambia uache?" Yaya, mimi ni baba wa watoto, nimesemeshwa kama mbuzi aliyeingia shambani.

Yeye hajui kazi yetu. Pale kwenye tanuru, anayevuta anaruhusiwa kutoka nje amalize sigara yake. Asiyevuta hatoki. Kapita wetu, Banza, anayetusimamia kazini, hupiga kelele: "Bantu ba kuvuta, mutoke! Muntu hana tumbaku, abakie na moto!" Nilipoacha, wenzangu walitoka wakacheka kivulini, mimi nikabaki naungua peke yangu. Ungekuwa wewe, usingerudia?

Aliyenisaidia ni muuguzi mmoja wa hapo hospitali, Mukasai, mtu wa Kasai, anayeitwa Kabeya. Alinikuta nje ya mlango natukana. Hakunikemea. Akaniuliza, "Unavuta saa gani?"

"Saa ya kutoka kwa moto."

"Na kama hauna tumbaku?"

"Sitoke."

Akasema, "Basi hautafute tumbaku, ndugu yangu. Unatafuta mulango."

Kesho yake alikuja mwenyewe kwenye tanuru. Banza akamcheka: "Weye Mukasai, umepotea njia? Huku hakuna bagonjwa."

"Iko mumoja. Bengine bakitoka kuvuta, naye atoke."

"Atavuta nini?"

"Mupepo."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Tangu siku ile naitwa Bwana Mupepo. Lakini Banza alikubali, natoka! Nakaa mbali na moshi wao, natafuna karanga, napumua.

Kabeya aliniambia pia kwamba siku za kwanza nitakosa usingizi na nitamkasirikia kila mtu. "Na ukivuta tena, usijifiche. Kuya uniambie. Sitakutukana." Kwa hiyo, tumbaku yako ilipofika, ikanukia shamba letu, nikavuta, nikakohoa mpaka damu ikatoka, nilikwenda kwake. Aliniuliza swali moja tu: "Aliyekutumia anajua kwamba umeacha?" Nikasema hajui. "Umuambie." Ndiyo maana nakuandikia.

Bado nina hasira, yaya. Kwa nini mtu aombewe ruhusa ya kupumua? Na yule munganga angepungukiwa nini kuniuliza neno moja? Labda ni kukosa tumbaku kunakonikasirisha hivi, kama Kabeya alivyosema. Lakini mimi naona nina haki.

Najua tumbaku ile uliilima kwa mikono yako, na ndiyo salamu yako kwangu. Usinitumie tena. Nitumie karanga. Na nitakapofika nyumbani, wazee watazungusha kibuyu cha kuvutia tumbaku, na nikikikataa watasema mji umenipa kiburi. Tangulia wewe. Waambie mdogo wako amekataa moshi, hakuwakataa wao. Nikisema mimi, nitasema kwa ukali.

Msalimie mama, mke wangu Monga na watoto, na shemeji anayekupikia. Mwambie shangazi, yule mwenye kiko kisichozimika, kwamba nikisikia anakohoa nitamletea maneno ya Kabeya.

Kazi niliyoandikiwa inakwisha mwaka huu. Mvua za kwanza zikianguka nitakuwa nimerudi. Unipokee chini ya kile kilima cha kwetu, tukipande pamoja. Mara ya mwisho tulipokipanda, kabla sijaja huku, ulinisubiri njiani nikikohoa. Safari hii hutahitaji kunisubiri.

Mdogo wako,
Mwamba